Kitabu Kizuri ni cha Nani?

Yapo maswali ambayo mtu huyaona madogo akiwa kijana, lakini kadiri umri unavyosogea yanakua mpaka yanamwamsha usiku. Kwangu mimi mojawapo ni hili: je, mtu ana haki ya kukifungia kitabu kizuri sandukuni, mahali ambapo vitabu ni haba, kwa sababu tu anakipenda na anachelea kwamba mikono ya watu itakiharibu?

Msomaji asidhani kwamba hili ni swali la matajiri wa Ulaya peke yao. Mimi ni mwalimu mstaafu, niliyemaliza kazi nikiwa mkuu wa chuo cha ualimu, na sasa naishi Kipalapala, nje kidogo ya mji wa Tabora. Pensheni yangu ni ile ile inayojulikana na kila mstaafu. Hata hivyo, kwa zaidi ya miaka 40 nimekuwa nikikusanya vitabu vya zamani, hasa vile vilivyopigwa chapa kwa mkono, na leo vimejaza masanduku mawili ya mninga, mti ambao mchwa hawaupendi. Baadhi nilipewa na familia za makatekista na walimu wa zamani. Vingine nilivinunua kwa bei ya karanga kutoka kwa wauza karanga wenyewe, ambao walikuwa wamekwisha kuvichana nusu ili kufungia bidhaa yao. Kwa hiyo ninapouliza kitabu kizuri ni cha nani, ninauliza juu ya masanduku yangu mwenyewe.

Ili tuelewane, sharti kwanza nieleze kitabu cha namna hiyo ni kitu gani. Zamani kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha risasi. Mpanga herufi alisimama mbele ya kasha lenye vyumba vingi vidogo, akaokota herufi moja moja na kuzipanga mkononi kinyumenyume, kama tuonavyo maandishi ndani ya kioo. Ukurasa ukikamilika ulikazwa ndani ya fremu ya chuma, ukapakwa wino, karatasi ikalazwa juu yake, na mtu akavuta mpini wa mtambo kwa nguvu za bega lake. Karatasi moja, mvuto mmoja. Ukipapasa ukurasa wa namna hiyo kwa ncha za vidole, utasikia herufi zimedidimia kidogo, kama nyayo za kuku kwenye udongo wenye unyevu.

Huko Ulaya ufundi huo ulikuwa unafifia, mashine za mvuke zikimwaga vitabu vya bei rahisi na sura mbaya, wakati Mwingereza William Morris alipoanzisha mtambo wake binafsi mtaa wa Hammersmith, London, mwaka 1891. Aliuita Kelmscott, kwa jina la nyumba yake. Yeye na wenzake wa harakati ya Sanaa na Ufundi waliamini kwamba kazi ya mkono ifanywayo kwa furaha humpa mtu utu wake, na kwamba mashine iliyomfanya fundi awe mtumwa wa kasi imemwibia utu huo. Morris alichora mwenyewe aina tatu za herufi, akatumia karatasi iliyotengenezwa kwa mkono kutokana na matambara ya kitani, akapamba kurasa kwa nakshi za majani na mizabibu. Mtambo ulipofungwa mwaka 1898, miaka miwili baada ya kifo chake, vilikuwa vimetoka vitabu 53. Kikubwa kuliko vyote ni mkusanyiko wa maandiko ya mshairi wa kale Chaucer, uliotoka mwaka 1896 ukiwa na picha 87 zilizobuniwa na rafiki yake Edward Burne-Jones. Zilipigwa nakala 425 za karatasi, na 13 za ngozi.

Nilikiona kitabu hicho kwa macho yangu mwaka 1984, nilipopelekwa Uingereza kwa kozi fupi ya ualimu. Jumamosi moja nilikwenda katika nyumba ya makumbusho ya Morris iliyoko Walthamstow, nikakikuta kimefunuliwa ndani ya kabati la kioo. Nilisimama mbele yake karibu saa nzima. Sikuwahi kuona weusi wa wino uliotulia namna ile juu ya weupe wa karatasi. Lakini nilichoona ni kurasa mbili tu, na nilitamani sana kujua ukurasa wa tatu una nini. Nilimwuliza mlinzi, mzee wa umri nilio nao mimi leo. Alinijibu kwa upole kwamba amekilinda kitabu kile miaka mingi, wala yeye hajawahi kukifunua.

Jibu lile halikunitoka. Tangu siku hiyo nimeona kwamba Morris alituachia fumbo la kimaadili pamoja na vitabu vyake. Mtu huyu alikuwa mjamaa. Tangu mwaka 1883 alikuwa akihutubia wafanyakazi katika kumbi na pembeni mwa barabara, akisema kwamba uzuri haupaswi kuwa mali ya wachache. Lakini Chaucer wake aliuzwa paundi 20, ambayo kwa kibarua wa London wa siku zile ilikuwa ujira wa miezi kadhaa. Walioweza kukinunua ni wale wale aliowakemea. Sisi tuliokuwa vijana wakati wa Azimio la Arusha mwaka 1967 tunalielewa fumbo hilo bila kuelezwa. Ukifanya kazi vizuri kabisa, kwa vifaa bora na bila kumharakisha fundi, kitu chako kitakuwa ghali. Ukitaka kila mtu akipate, itakubidi upunguze mahali fulani. Morris hakulifumbua fumbo hilo, na simlaumu, maana sijamwona aliyelifumbua.

Niliporudi nyumbani nilianza kuvitazama kwa jicho jingine vitabu vyetu wenyewe. Maana mitambo iliyopiga chapa kwa ajili ya moyo na si kwa ajili ya duka haikuwa ya Hammersmith tu. Miaka kumi hivi kabla ya Morris, Sultani Barghash bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na mtambo wake, uliotoa kwa herufi za Kiarabu vitabu vikubwa vya wanazuoni wa Kiibadhi. Mojawapo ni Kamusi ya Sharia ya Jumayyil bin Khamis as-Saadi, kazi ndefu mno ambayo juzuu zake nyingi hazikufikiwa. Sultani hakutafuta faida hapo. Alipiga chapa kile alichoamini kwamba watu wa madhehebu yake wanapaswa kukisoma.

Hata kabla ya Sultani, Misheni ya Vyuo Vikuu, ile ya Waanglikana iliyojulikana kwa jina la UMCA, ilikuwa na mtambo mdogo wa mkono hapo hapo Unguja. Edward Steere, aliyefika mwaka 1864 na kuwa askofu mwaka 1874, ndiye aliyeutumia kwa bidii. Mwaka 1867 kilitoka hapo kijitabu cha lugha ya Kisambaa. Kinyamwezi nacho Steere alikiandikia kitabu, kama kilivyosemwa Unyanyembe, yaani hapa kwetu. Na miongoni mwa waliofundishwa kupanga herufi walikuwa vijana waliokombolewa utumwani, wengine wametolewa ndani ya majahazi wakiwa watoto.

Hapa Kipalapala pia chapa ina historia yake. Mapadre Weupe walifika Tabora mwaka 1878 na msafara wao wa kwanza uliotoka Bagamoyo. Katika miaka ya 1880 walikuwa na kituo cha watoto yatima Kipalapala, na tangu mwaka 1925 ipo seminari kuu. Kisha lilikuja jina ambalo kizazi changu kilikua nalo: T.M.P., yaani Tanganyika Mission Press. Gazeti la Kiongozi, lililoanza mwaka 1950, lilitoka Tabora kwa miaka mingi. Misale ya Waamini yenye herufi hizo tatu imeingia katika nyumba ambazo hazijawahi kuwa na kitabu kingine.

Ninazo Misale kadhaa za namna hiyo katika sanduku la pili, na huzitaja makusudi baada ya Chaucer wa Morris. Hazikupigwa chapa kwa mkono wala si nzuri kwa kuzitazama. Karatasi yake imegeuka rangi ya chai. Lakini moja ina alama ya mafuta ya kula katika kurasa za Pasaka. Nyingine, ndani ya jalada, imeandikwa kwa penseli tarehe za kuzaliwa watoto saba, na pembeni mwa majina mawili kuna msalaba mdogo. Kitabu hicho kilisomwa mpaka kikachoka. Chaucer niliyemwona Walthamstow yu mzima kama siku aliyotoka mtamboni, na mlinzi wake hajui ukurasa wa tatu. Kama ningeulizwa kipi kati ya viwili hivi kimetimiza kazi ya kitabu, ningejibu upesi. Lakini kama ningeulizwa kipi kitakuwapo baada ya miaka 300, ningejibu upesi vile vile, na jibu lingekuwa jingine. Ugumu wa swali langu uko hapo.

Ugumu huo ulinifika mlangoni mwaka 2019. Katika sanduku la kwanza kuna kijitabu cha Injili kwa Kiswahili cha Unguja. Kurasa za mwanzo hazipo, na mtu nisiyemjua alikishona upya kwa uzi wa gunia, lakini ukurasa wa mwisho unasema kwamba kilipigwa chapa na misheni ile ya Unguja. Katika pambizo ya ukurasa mmoja kuna alama ya dole gumba. Si dole la msomaji, kwa kuwa wino wake ni ule ule wa chapa. Ni dole la mtu aliyeshika karatasi ikiwa bado mbichi. Nimelitazama dole hilo mara nyingi usiku, nikiwaza kwamba huenda lilikuwa la mmoja wa vijana wale. Na kwa kuwa njia ya misafara ilipita hapa Tabora, ikibeba pembe na watu kwenda pwani, nimewaza pia kwamba huenda mwenye dole hilo alipita katika vumbi hili akiwa mtoto, shingo yake ikiwa katika kamba. Sina ushahidi wa hilo, wala siwezi kuupata. Najua tu kwamba kijitabu kimerudi upande ambao watoto wengi walichukuliwa.

Basi mwaka huo alikuja mnunuzi wa vitabu adimu. Alikuwa mtu mwungwana, aliyenawa mikono kabla sijamwambia. Alitaja bei ambayo ingetosha kuezeka upya nyumba yangu na kumlipia mjukuu wangu ada ya mwaka mzima. Alisema kwamba kijitabu kingewekwa mahali penye hewa isiyobadilika, pasipo wadudu wala unyevu. “Hapa kwako,” aliniambia, “baada yako kitaliwa na panya.” Mke wangu alisikiliza yote, na mgeni alipoondoka akanena maneno machache: “Mwalimu, kitabu hakizuii mvua.”

Sikuwa na haki ya kuwadharau wote wawili. Mke wangu alisema kweli, maana sebule yetu ilikuwa ikivuja. Mnunuzi naye alisema kweli. Niliwahi kuona kwa macho maktaba ya taasisi moja, ambayo sitaitaja, ikichoma vitabu vyake vya zamani nyuma ya jengo ili kupata nafasi ya viti vipya. Mtu aliyeona moshi ule hawezi kusema kwa wepesi kwamba cha kwetu kibaki kwetu.

Katika siku zile za kuamua nilikumbuka kisa cha mchapaji mwingine wa Hammersmith. T. J. Cobden-Sanderson, pamoja na mshirika wake Emery Walker, walianzisha mtambo wa Doves mwaka 1900. Herufi zao ziliigwa kutoka zile za Venice za karne ya 15, nao walizitumia kuchapa Biblia ya juzuu tano, iliyotoka kati ya 1903 na 1905. Haina picha wala nakshi nyingi. Uzuri wake wote umo katika herufi na nafasi nyeupe. Baadaye washirika hao waligombana. Ilipatanwa kwamba Cobden-Sanderson azitumie herufi maisha yake yote, na akifa zimwendee Walker. Mzee yule hakuvumilia wazo kwamba siku moja zingetumiwa katika mashine. Kuanzia Agosti 1916 hadi Januari 1917, usiku baada ya usiku, alizibeba kidogo kidogo mpaka kwenye daraja la Hammersmith na kuzitupa katika mto Thames. Zilikuwa zaidi ya tani moja. Mwaka 2014 wapiga mbizi waliopoa vipande 150 hivi.

Kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mapenzi makubwa, nami nakiri kwamba kinagusa moyo. Lakini mapenzi yale yalikuwa ya namna gani? Mtu aliyesema kwamba anatafuta uzuri mkamilifu aliona afadhali uzuri usiwepo kabisa kuliko uwe mikononi mwa mwingine. Huo ndio mwisho wa njia ambayo kila mkusanyaji amekwisha kuikanyaga hatua ya kwanza, siku anaposema, “Hiki ni changu, watu watakiharibu.” Mlinzi wa Walthamstow yuko katikati ya njia hiyo, na Cobden-Sanderson yuko darajani. Tofauti ni umbali tu.

Jibu nililolipata halikutoka Uingereza. Lilitoka katika kazi iliyowapa babu zetu jina. Wanyamwezi walijulikana kote kwa upagazi. Mpagazi alibeba pembe kutoka huku bara hadi Bagamoyo, safari ya miezi, akivuka Ugogo mahali penye kiu na ushuru. Naijua vizuri historia ya uchungu ya njia hiyo, na siipambi. Naitazama tu kazi ya mpagazi yenyewe. Mzigo haukuwa wake. Hata hivyo aliujua kuliko mwenye mali: alijua mahali ulipo mzito, namna unavyotaka kukaa begani, na wapi uwekwe mvua ikinyesha. Alijivunia kuubeba vizuri. Lakini mpagazi mwaminifu hakuketi katikati ya njia na kusema, mzigo huu ni mzuri mno, sitaufikisha. Wala hakuutupa mtoni asije akaubeba mwingine.

Nadhani mkusanyaji wa vitabu ni mpagazi. Akijiona kuwa mwenye mali, atakuwa mchoyo. Akijiona kuwa hana wajibu wowote, ataviacha viliwe na panya. Haki yake ni moja tu, nayo ni kukibeba kitabu, na haki hiyo inadumu maadamu kitabu kinakwenda mahali. Na kitabu kinakwenda wapi? Hakiendi kwenye hewa isiyobadilika. Hiyo ni ghala, na ghala ina faida yake katika safari, lakini haijawahi kuwa mwisho wa safari. Kitabu kinakwenda kwa msomaji, hasa yule ambaye kitamwambia jambo ambalo hawezi kuambiwa na kingine.

Kwa hiyo sikuuza. Nyumba niliiezeka miaka miwili baadaye kwa fedha za asali, na kwa masika mawili masanduku yalikaa katika kona pekee iliyokuwa kavu, jambo ambalo mke wangu hukumbusha wageni. Lakini sikukirudisha kijitabu chini ya kufuli. Mkufunzi mmoja kijana wa chuo alikuja, akapiga picha kila ukurasa kwa simu yake, kazi ya alasiri moja, ili panya wakishinda maneno yasipotee. Kwa hofu ya mnunuzi, nilifanya hilo. Kwa ajili ya msomaji, nimeweka beseni, sabuni na kitambaa kikavu, na Jumamosi wanachuo wanakuja. Huketi mezani, hufunua kurasa wenyewe, na husoma. Wengi hucheka kwanza, wakikiona Kiswahili kile cha kale. Kisha mmoja hufika kwenye ukurasa wa dole, akaniuliza, “Babu, hili ni la nani?” Humweleza ninayoyajua na ninayoyawaza tu, nikitenga haya na yale. Nimewaona zaidi ya mmoja wakiweka dole lao juu ya dole lile, bila kuambiwa, na kunyamaza.

Kila Jumamosi kijitabu kinachakaa kidogo. Mwaka jana ukurasa mmoja ulichanika, nami niliuunga kwa karatasi nyembamba na uji wa wanga. Hiyo ni gharama halisi, na anayesema kwamba kusoma hakuharibu kitabu hajawahi kukitunza. Nimekubali kuilipa gharama hiyo, kama mwenye ile Misale alivyokubali alama ya mafuta katika kurasa za Pasaka.

Nimekwisha kuandika karatasi na kuiweka juu kabisa katika sanduku la kwanza. Inasema kwamba nikifa masanduku yote mawili yamwendee yule mkufunzi, wala si jengo lolote, kwa sharti kwamba kila mwaka avifunue mbele ya wanachuo wapya, na kwamba kabla hajastaafu amtafute mpagazi mwingine. Wanangu wameisoma na kuridhia, mmoja wao kwa shingo upande.

Nawe, ndugu msomaji, huenda unacho kitabu kimoja cha namna hiyo, cha babu au cha bibi, kilichofungwa ndani ya khanga juu ya kabati. Kishushe. Nawa mikono, kifunue, na umwite mtoto aliye karibu akisome kwa sauti.